Ruka kwa Kisigino

Mteja akiingia dukani mwangu nikiwa nimeinamia cherehani, mimi humsikia kabla sijamwona. Najua kama goti moja linamsumbua, kama kiatu kimempwaya, kama amekuja na ugomvi wa gauni lililobana. Wateja wangu hapa Thika husema nina mapepo. Sina mapepo. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Jeddah, daktari mpasuaji, na nikamtendea vibaya. Kila anayesikia kwamba nilikuwa Saudia huniuliza kama nilipigwa. Sikupigwa. Kuna mtu niliyemuumiza mimi, na hilo hakuna anayeniuliza.

Nilikwenda miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, wakati Nairobi kila ghorofa ilikuwa na ofisi ya kupeleka wasichana Uarabuni na kila ofisi ilikuwa na picha ya ndege ukutani. Nilikuwa fundi cherehani mwenye watoto wawili na ulimi mrefu. Watoto niliwaacha kwa mama. Mama aliniomba nimwachie na ule ulimi pia, eti huko niendako hauna kazi.

Ofisi ilituambia miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Kafili, yaani yule tajiri anayeshika karatasi zako zote, akiona una kasoro anakurudisha ofisini, na ofisi inakupandisha ndege. Katika kundi letu mmoja alirudishwa wiki ya pili kwa kuvimba miguu, na habari zake zikazunguka kwenye simu za wote waliobaki. Basi tukajiwekea utaratibu. Ukiumwa, meza dawa ya maumivu kabla madam hajaamka, kisha piga deki huku ukiimba kwa sauti, kwa sababu mgonjwa haimbi. Hakuna aliyetoka kwetu bila vidonge vyake kwenye soksi, chini kabisa ya sanduku. Mimi nilibeba soksi mbili.

Nyumba niliyopelekwa ilikuwa Jeddah, mtaa wa Aziziya, ya ghorofa mbili, yenye ngazi za marumaru zilizonivunja mgongo. Alikuwako madam, mumewe tuliyemwita bosi, na watoto wao waliokuwa shuleni mchana kutwa. Alikuwako dereva, Mkenya mwenzangu kutoka Kakamega, aliyelala kwenye chumba cha uani. Na alikuwako baba yake bosi, ambaye mimi nilimwita Baba.

Baba alikaa kwenye kiti cha mbao chini ya ngazi, ameelekea ukuta. Siku ya kwanza nilidhani ameadhibiwa. Mikono yake ilitetemeka hata kikombe cha kahawa kilimwagika kabla ya kufika mdomoni. Lakini kila asubuhi, baada ya kunawa kuanzia kucha hadi kwenye viwiko na kuiacha mikono ikauke yenyewe hewani, alichukua uzi mweusi na kufunga mafundo kwenye mguu wa kiti. Fundo juu ya fundo, kwa mkono mmoja, upesi kuliko macho yangu. Akiwa kwenye uzi ule, mikono haikutetemeka kabisa.

Mimi fundi sikuweza kunyamaza. Wiki ya kwanza tu nilichukua uzi wake nikafunga fundo langu. Akalivuta, likalegea.

"Hili ni fundo la gunia," akaniambia.

"Na mshono wako, Baba," nikamjibu, "ukiwa kwenye gauni la harusi utafumuka kabla bibi harusi hajaketi."

Akacheka hadi madam akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Kuanzia siku hiyo tukawa marafiki. Tulizungumza kwa Kiingereza chake cha chuoni na changu cha darasa la nane, na kwa Kiarabu cha jikoni nilichokuwa nikiokota. Kazi zangu za chini nilizifanya karibu na kiti chake, na kidogo kidogo akanisimulia maisha yake.

Alisomea Misri, akarudi kijana mwenye suti moja, na serikali ikampeleka mji mdogo wa milimani, kusini, kwa mwaka mmoja. Alikaa zaidi ya thelathini. Hospitali ilikuwa na chumba kimoja cha upasuaji, na vyombo vyake alivichemsha kwenye sufuria ambayo sikukuu watu waliiazima kupikia mbuzi. Alipasua waliopigwa teke na ngamia, waliobingirika na magari kwenye kona za mlima, watoto waliomeza sindano, na wakwe waliopigana kwa majembe. Mara mbili Jeddah ilimwita kwenye hospitali kubwa, na mara mbili alikataa, kwa sababu kule milimani, alisema, angeondoka yeye angekuja kijana mwingine wa kukaa mwaka mmoja. Mkewe alizikwa hukohuko. Alipostaafu, wanawe wakamleta mjini, na mjini hakuna aliyejua yeye ni nani.

Jambo lililonishika zaidi ni alivyowatibu wanawake. Enzi zile kule milimani mume hakukubali daktari mwanamume amguse mkewe, wengine hata amtazame. Basi Baba aliweka pazia, na mbele ya pazia akamwagiza seremala atengeneze ngazi mbili za mbao. Yeye alikaa nyuma ya pazia, ameelekea ukuta ili mume aridhike. Mwanamke alitembea hatua kumi, akapanda ngazi, akashuka, akakohoa. Mwisho aliambiwa aruke kwa mguu wa kulia, na atue kwa kisigino. Mwenye kidole tumbo kilichovimba hawezi kutua kwa kisigino bila pumzi kumkatika, na pumzi ile Baba aliisikia. Hapo ndipo alipotoka kuzungumza na mume. Wengi aliwapasua kwa ushahidi wa masikio tu, na aliwakuta na alichokisikia.

Mmoja alimwacha aende. Aliniambia habari zake siku mbili tofauti, kama mtu anayesahau kwamba ameshasema, ila sidhani alisahau. Alikuwa mwanamke kijana. Baba alisikia kila kitu akamwambia mume kwamba ni lazima apasuliwe leo. Mume akamgeukia mkewe. Mke akasema, "Mimi mzima, hakuna kitu." Aliogopa kisu, au aliogopa mume, Baba hakujua. Akashuka zile ngazi mbili kwa miguu yake. "Nilimsikia akishuka," Baba alisema. "Nilikuwa na haki ya kupiga kelele. Nikanyamaza, kwa kuwa yeye mwenyewe alisema ni mzima." Walimzika baada ya siku nne.

Sasa kile kiti cha chini ya ngazi utakielewa. Baba alikuwa bado anasikiliza. Kila aliyepanda na kushuka nyumbani mle alikuwa mgonjwa wake. Alimwambia dereva kwamba nyonga zake ni mbovu, na kweli zilikuwa zikimsumbua. Alimwambia mgeni wa madam, mbele ya wageni wengine, kwamba ana mawe kwenye nyongo. Alimfuata mkubwa wa kazini kwa bosi hadi kwenye gari akimsihi akapimwe moyo. Bosi alitamani ardhi immeze. Nyumba nzima iliamua kwamba mzee akili zinamtoka, na kaka mkubwa wa bosi, aliyekuwa na fleti Riyadh, mtaa wa Malaz, akatoa amri kwa simu: aibu moja tena, ninakuja kumchukua.

Baba aliiogopa Malaz. Aliniambia waziwazi. "Pale kuna lifti," alisema. "Watu hawapandi, hawashuki. Nitamsikia nani?" Nililijua hilo. Naliandika ili mtu asinitetee: nilijua.

Nilikuwa nimemaliza miezi miwili ya majaribio na siku chache. Alhamisi asubuhi tumbo likaanza kuniuma karibu na kitovu, kisha jioni likahamia chini upande wa kulia na kukaa hapo. Nikafungua soksi. Ijumaa nikaongeza vidonge viwili nikapiga deki ngazi zote nikiimba nyimbo za kanisani mfululizo, sauti yangu ikigonga marumaru. Nilipofika chini, Baba alikuwa amegeuza kiti. Hakuelekea ukuta tena. Alikuwa ananitazama miguu.

"Binti, hilo tumbo lina siku ngapi?"

"Tumbo gani, Baba? Mafi mushkila, hakuna shida."

Uani dereva naye alinisimamisha nikienda kuanika. "Sister, uko sawa kweli? Mbona unatembea umejikunja hivyo?"

"Wacha hizo, niko poa. Unataka nirudishwe ofisi?"

"Sitaki. Lakini pia sitaki kukubeba, na hizi nyonga zangu."

Ijumaa ile kaka mkubwa alikuwa ameshuka kutoka Riyadh kuwasalimu. Familia ilikaa kula pamoja, nami nikaingia na sinia la wali na nyama. Baba akaweka kijiko chini.

"Huyu binti ana kidole tumbo," akasema. "Apelekwe hospitali sasa hivi."

Kaka mkubwa akamtazama bosi. Bosi akatazama sahani yake. Madam, ambaye alikuwa mtu mwema, akanigeukia akaniuliza taratibu, "Unaumwa?"

Wote wakaningoja. Na hapo nilipaswa kusema neno moja tu. Lakini nilichokiona mbele yangu ni yule msichana wa miguu iliyovimba, na mama akinifungulia mlango na watoto wangu wakiwa nyuma yake, sina hata ikama, kile kibali cha ukaazi, ya kuonyesha kwamba niliwahi kufika. Nikatabasamu. Nikasema, "Hapana, madam. Mimi mzima, hakuna kitu."

Nilimwona Baba akisikia maneno yale. Ni maneno yaleyale ya yule mwanamke, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimuliwa.

"Ruka," akaniambia. "Mguu wa kulia. Ruka."

Nikaweka sinia chini nikaruka. Niliruka mara tatu, nikicheka, na watoto wakacheka nami, na hata bosi akacheka kwa kuona ametuliwa mzigo. Jasho lilinitoka mgongoni kama maji. Baba hakucheka.

"Umetua kwa vidole," akasema. "Ruka kwa kisigino."

"Halas, Baba, basi," kaka mkubwa akasema. "Kula. Kesho unakwenda nami."

Sikuruka kwa kisigino. Niliacha sinia pale nikarudi jikoni, nikashika ukingo wa sinki hadi macho yakarudi kuona.

Jumamosi asubuhi walimtoa. Mkoba wake ulikuwa mdogo kuliko sanduku langu. Nilisimama mlangoni na viatu vyake, maana kumvalisha viatu ilikuwa kazi yangu, na nilipoinama nikauma meno. Alisikia. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Aliniinamia akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini ili wanawe wasisikie: "Maumivu yakiisha ghafla, usifurahi. Hapo ndipo pabaya. Mwambie madam siku hiyohiyo." Kisha kaka mkubwa akasema yalla, twende, na gari likaondoka.

Maumivu yaliisha saa tisa alasiri, nikipiga pasi mashati ya shule. Yaliisha kama mtu amezima taa. Nikashukuru Mungu, nikaanza kuimba, na safari hii nilikuwa naimba kweli. Nikachukua mashati kuyapandisha juu. Chini ya ngazi nilikutana na kile kiti, kitupu, uzi mweusi ukiwa bado umefungwa mguuni, nikaacha kuimba.

Nilisimama pale na mashati mkononi. Nikisema, narudishwa. Nisiposema, na kama yule mzee ni mwendawazimu kama walivyoamua, nimepona na kazi ninayo. Nilitaka sana awe mwendawazimu. Lakini nilikuwa nimeona mikono yake ikifunga mafundo, na mtu akijua kazi yake mimi fundi namtambua. Nikapanda hadi chumbani kwa madam, nikamwambia nimedanganya.

Madam alipiga kelele kumwita dereva kabla sijamaliza. Dereva alinibeba hadi kwenye gari, nyonga zake na yote, akisema tu, "Aki sister, si ungesema? Si ungesema?" Hospitalini walikuta kidole tumbo kimeshapasuka na uchafu umeanza kusambaa tumboni. Aliyenipasua alimwambia madam kwamba tungengoja hadi asubuhi yake kusingekuwa na wa kupasuliwa. Nilikaa siku tisa. Mshono wenyewe, niliutazama nilipoweza kuinua kichwa, ulikuwa wa mtu mwenye haraka.

Madam alikuja kila siku na supu. Siku ya nne aliniuliza kwa nini sikusema mezani.

"Niliogopa utanirudisha."

"Nani alikwambia nitakurudisha?"

"Kila mtu, madam."

Akakoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Ningekuleta hapa," akasema. "Siku ileile, na Baba angekuwa kwenye kiti chake." Nilimwamini, na kumwamini kuliniuma kuliko kidonda. Wako ambao wangenirudisha, simsafishi mtu hapa. Nimeyasikia ya kutosha kwenye simu zetu zile. Lakini huyu wangu sikumpa hata nafasi ya kuwa mwema.

Bosi alimpigia simu kaka yake usiku huohuo niliopasuliwa, kisha akapiga tena, na tena. Haikusaidia. Baba alipofika Malaz alichanganyikiwa. Hakujua mlango upi ni wa chooni, aliamka akitafuta mkewe, alimwita mwanawe kwa jina la muuguzi wa zamani. Daktari wao akasema mzee wa umri ule ukimhamisha tena utammaliza, mwacheni hapo alipo. Wakamwacha. Kile kiti chini ya ngazi madam hakukiondoa, nami nilikifuta vumbi kila asubuhi, mafundo yakiwa palepale.

Ilipita miezi minane ndipo tukaenda Riyadh kwa sikukuu. Dereva aliendesha siku nzima jangwani, nami kwenye kiti cha nyuma nikirudia moyoni maneno ya Kiarabu ambayo madam mwenyewe alinifundisha. Nilidanganya, Baba. Ulisema kweli. Nisamehe.

Fleti ilikuwa ghorofa ya tatu, safi, yenye ubaridi wa mashine, na korido ndefu iliyofunikwa zulia zito mwanzo hadi mwisho. Walikuwa wamemweka mwishoni mwa korido, ameelekea ukuta kama alivyopenda. Alikuwa amebaki mifupa. Uzi ulikuwa mapajani, haujafungwa kitu. Nilipokwenda kumwamkia, miguu yangu haikutoa sauti yoyote kwenye zulia lile, na nilipogusa mkono wa kiti chake alishtuka.

Nikapiga magoti nikasema maneno yangu yote, bila kosa. Alinisikiliza kwa adabu kubwa. Alipohakikisha nimemaliza, aliniuliza, "Mume wako yuko wapi? Ameruhusu?"

Hakunijua. Alikuwa kule milimani, nyuma ya pazia, na mimi nilikuwa mwanamke aliyeletwa. Nililia, na sikujificha. Kisha nikainuka nikafanya jambo ambalo hata leo sijui nililitoa wapi. Nilikunja zulia. Nilianzia mlangoni nikalikunja korido nzima hadi miguuni pake, zito kama maiti, kovu likinivuta, hadi sakafu ya vigae ikabaki wazi. Familia ilikuwa sebuleni na wageni. Madam alichungulia mara moja, akaelewa, akaufunga mlango wa sebule.

Nikarudi hadi mwanzo wa korido, nikavaa viatu vyangu vya ngozi, nikatembea hatua kumi. Kichwa chake kikainuka. Nikakohoa. Nikaruka kwa mguu wa kulia, nikatua kwa kisigino, kwa uzito wangu wote, na pumzi haikunikatika.

"Huyu mzima," Baba akasema kuuambia ukuta. "Mwingine."

Nyuma yangu hapakuwa na mwingine. Nikatoka nje ya mlango, nikahesabu hadi tano, nikaingia tena nikiburuta goti kama mteja wangu mmoja wa zamani. "Goti," akasema. "La kushoto. Mwingine." Nikaingia na nyonga za dereva. Nikaingia kama mama anavyotembea asubuhi za baridi. Nikaingia kama mjamzito wa mwezi wa nane, na akaniagiza niketi nipumzike kwanza. Mikono yake ilikuwa imeushika uzi, na fundo la kwanza lilikuwa tayari kwenye mguu wa kiti.

Mara ya mwisho niliingia nilivyoshuka ngazi za Aziziya ile Ijumaa, nimejikunja kidogo upande wa kulia, nikiimba. Niliruka nikatua kwa vidole. Uzi ukasimama mikononi mwake, na akageuka kutoka ukutani kwa mara ya kwanza siku ile, akitafuta muuguzi wa kumwagiza.

"Huyu," akasema, "hata akikwambia ni mzima, usimwache aende."

"Hakwenda, Baba," nikamwambia. "Alirudi akasema. Wakampasua, na yupo."

Akanitazama, akiitikia kwa kichwa polepole. Kisha akaugeukia ukuta na kungoja hatua za mtu mwingine, nami nikarudi mlangoni.